Majivu kwenye Boma la Mwaitu

"Unafunika mavi ya ng'ombe kama unazika mtu," mama mkwe wa Mbula, ambaye nyumba nzima ilimwita Mwaitu, yaani mama, alisema, akilichoma rundo kwa ncha ya fimbo yake. "Niambie leo, Mama Kathini. Kuna maiti humu ndani?"

"Hakuna maiti, Mwaitu. Kuna mahindi."

"Mahindi gani? Mimi naona mabua makavu na udongo. Hebu geuka utazame shamba la mwenzako. Geuka, shingo haitavunjika."

Mbula hakugeuka. Alikuwa ameshalitazama shamba la Kalekye asubuhi hiyo, na jana yake, na karibu kila siku tangu Agosti. Marundo ya samadi yalipangwa humo safu kwa safu, tuta baada ya tuta, kutoka mlango wa boma mpaka ua wa katani ulio kando ya barabara ya kwenda Emali. Kila aliyepita kwenda kanisani aliyaona, na wengi walisimama.

"Nimeshaliona," alisema. "Samadi yake imekufa juani."

"Imekufa?" Kalekye alikuwa nyuma ya Mwaitu, leso kiunoni, mikono imetulia. "Kwani ilikuwa ng'ombe?"

"Imepoteza nguvu. Ile harufu inayokuchoma pua ukichimba boma ndiyo chakula cha mahindi. Inaitwa amonia. Ukiiacha juani inapaa na kwenda na upepo. Kinachobaki ni majani yaliyopita kwenye tumbo la ng'ombe, basi."

"Inaenda wapi?" Kalekye aliuliza kwa ule upole wa mtu anayetega. "Inapanda basi la Mombasa?"

Mwaitu akacheka. Alicheka mpaka akashika goti. Kisha akasema jambo kwa Kikamba cha kwao Kitui, ng'ambo ya mto Athi, ambako maneno huvutwa mwishoni kama mtu anayeita mbuzi. Kalekye akamjibu kwa mvuto uleule, na wote wawili wakacheka upya kama wasichana walioachwa peke yao kisimani.

Hapo ndipo palipomuuma Mbula. Maneno ya Mwaitu alikuwa ameyazoea, maana mama mkwe asiyesema ni mgonjwa. Kilichomchoma ni kicheko. Miaka yote aliyokaa katika boma hili hakuwahi kumchekesha mwanamke huyu hata mara moja.

"Sikilizeni nyote wawili," Mwaitu alisema, akijifuta macho. "Magoti yangu yamekataa kazi. Jumamosi, kabla mvua haijatukuta, nitalitoa boma hili. Nitampa mmoja wenu. Yeye ndiye atakayelifagia, atakayelichimba, na yeye ndiye atakayegawa."

Neno la mwisho liliwafanya wake wote wawili wainue vichwa.

Walikuwa wameolewa na ndugu wawili, Mbula na Musembi, Kalekye na Nzioka. Ng'ombe wa familia nzima walilala katika boma moja, la Mwaitu, na kila mwaka samadi ilichimbwa humo na kugawanywa. Anayegawa ndiye anayechagua. Angeweza kumpa mwenzake tabaka la juu, lililokauka na kujaa vumbi, akabaki na la chini, lile jeusi lenye unyevu ambalo kwato zimelikanyaga mpaka likashikana kama ugali uliolala. Mashamba yao yalikuwa ya udongo mwekundu uliochoka. Bila tabaka la chini, mtu alikuwa anapanda matumaini tu.

"Na nikiulizwa leo," Mwaitu aliongeza, akianza kuondoka huku Kalekye amemshika kiwiko, "nitasema ninamwona mmoja anayefanya kazi na mwingine anayefunika."

* * *

Ukweli ni kwamba Mbula alikuwa anafanya kazi, tena kuliko mtu yeyote hapo. Alikuwa na diploma ya kilimo, na kabla ya kujifungua Kathini alikuwa ameajiriwa katika duka la dawa za mifugo pale Salama. Alijua anachokifanya. Alitandika nyasi kavu kwenye kona ya boma wanakolala ndama ili zinyonye mkojo, kwa kuwa kwenye mkojo ndiko kulikolala nguvu nyingi. Fungu lake la samadi alilirundika kivulini, akalishindilia kwa miguu, akalifunika kwa udongo wa kijivu aliouchimba katika silanga, bwawa la maji ya mvua lililokauka, halafu mabua juu yake. Hangeitoa kwenda shambani mpaka mawingu yafunge upande wa vilima vya Chyulu. Siku hiyo angeitia kwenye mifereji na kuifukia palepale, jembe likifuata nyuma ya beleshi, isipate hata nafasi ya kuota jua.

Lakini kazi kama hiyo haionekani barabarani. Kule kwao, marundo shambani yalikuwa kama mabati mapya kwenye paa. Mtu aliyatoa mapema, mara tu mavuno yakiisha, ili watu wapite wakiona familia hii ina ng'ombe. Rundo lililokaa juani miezi mitatu lilimpa mwenyewe heshima ya miezi mitatu. Wanawake wa kikundi cha kanisa waliyataja kwenye salamu zao. "Mama Mulwa, tumeona umeshapanga shamba, Bwana asifiwe." Mama Mulwa alikuwa Kalekye. Mama Kathini hakuambiwa kitu. Shamba lake lilikuwa jekundu na tupu kama uwanja wa mpira.

Msimu uliopita mahindi yake yalikuwa yametoka ya kijani iliyokolea, hata watu wakasimama. Hakuna aliyemsifu. Walisema Musembi, kwa kuwa ni fundi wa malori Emali na hakosi senti, alimnunulia mkewe mbolea ya duka kwa siri. Mahindi ya Kalekye yaliponyauka na kuwa ya manjano, Mwaitu alisema maskini, udongo wa mtoto umechoka, akaamuru aongezewe samadi. Mbula alishuhudia mkokoteni ukipita mbele ya mlango wake, umejaa, ukisukumwa kwa nyuma na Musembi. Mume wake mwenyewe. Alikuwa amekuja nyumbani siku moja tu, na siku hiyo aliimaliza akimsukumia Kalekye mkokoteni.

Halafu kulikuwa na mambo madogo, yale ambayo mtu hawezi kuyashtaki popote. Mwaitu alikunywa chai ya jioni kwa Kalekye. Akija kwa Mbula alisema ameshiba. Binti yake Mbula alibeba jina halisi la Mwaitu, Kathini, kama desturi inavyotaka, lakini aliyebebwa mgongoni na bibi mpaka magoti yakakataa alikuwa Mulwa. Mbula aliyaweka mambo hayo moyoni jinsi alivyoiweka samadi yake, yamefunikwa vizuri, yasipoteze nguvu.

* * *

Siku ya Jumanne, jua likianza kulala, Mbula alikwenda nyuma ya ghala kutafuta kuku aliyekuwa anataga ovyo. Kabla hajamwona kuku, harufu ilimpiga. Haikuwa harufu ya kawaida ya boma, ile nzito inayozoeleka. Hii ilikuwa kali, ya kuingia machoni. Ilimfanya apepese.

Alichungulia kupitia ua wa miba.

Kalekye alikuwa nyuma ya jiko lake, ameinama juu ya rundo ambalo Mbula hakuwahi kuliona. Ilikuwa samadi mbichi aliyoiokota polepole katika boma na kuichanganya na mavi ya kuku. Alikuwa ameificha huko ili asionekane akiiga. Mkononi alishika debe la majivu ya jikoni. Akamwaga, akasambaza kwa kiganja kama mtu anayepaka keki sukari, akarusha maji juu, akakohoa, akamwaga tena.

Mbula alielewa mara moja, na kuelewa huko kulimjia kama maji baridi siku ya jua. Kalekye alikuwa amemwona kwa mbali akimwaga ule udongo wa kijivu wa silanga. Akadhani ni majivu. Mtu gani angedhani vinginevyo? Kila nyumba hapo ilimwaga majivu chooni kuua harufu. Kama mwenye diploma anasema harufu isitoke, na anamwaga kitu cha kijivu, basi ni majivu.

Na majivu ndiyo kitu kibaya kuliko vyote. Mbula alikumbuka mwalimu wao wa chuo akiweka mavi ya kuku kwenye chupa mbili za plastiki, moja akaitia majivu, halafu akawapitishia wanafunzi wanuse. Ile yenye majivu iliwaliza machozi. Majivu huifukuza amonia nje. Jua huitoa kidogo kidogo, lakini majivu huitoa mbio, kama moshi unavyowatoa nyuki mzingani.

Angeweza kuita. Ua ulikuwa wa miba tu, na sauti yake ilikuwa imesimama kooni, tayari. *Mama Mulwa, wacha, unaiharibu.* Maneno hayakuzidi hayo.

Badala yake alimwangalia Kalekye akijipangusa macho kwa bega, akimwaga debe la pili. Kitu fulani chenye joto kilimpanda kifuani, kitamu, kama uji wa asubuhi.

"Mwaga," alinong'ona. "Mwaga yote, mama."

Akamwona kuku, akamchukua chini ya kwapa, akarudi zake nyumbani akitembea kwa wepesi ambao hakuwa nao kwa wiki nyingi.

* * *

Raha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa.

Alikuwa ameketi kizingitini akimsuka Kathini simu ilipolia. Ilikuwa Musembi, na nyuma yake malori ya Emali yalikuwa yananguruma.

"Kesho nakuja na pikapu ya rafiki," alisema. "Mwaitu amenituma majivu."

Mkono wa Mbula ukasimama kwenye nywele. "Amekutuma nini?"

"Majivu. Magunia. Nimezunguka mahoteli yote hapa, na yule jamaa wa tanuri la matofali amenipa mengine. Amesema kesho boma litachimbwa lote, mpaka chini, na majivu yachanganywe humo kabla ya kumkabidhi mtu."

"Nani amemwambia hivyo?"

"Kalekye. Ametengeneza rundo lake, akamwita Mwaitu kunusa, hainuki hata kidogo. Mwaitu amefurahi ajabu. Kusema kweli, yule mwanamke ana akili. Hajaenda chuo lakini anafikiria."

Mbula alivuta msuko.

"Mama! Unaniumiza!"

"Kaa wima. Musembi, nisikilize. Hayo majivu yataharibu boma zima. Hainuki kwa sababu hakuna kilichobaki cha kunuka. Mwambie Mwaitu."

"Mwambie wewe, si uko hapo?"

"Nikimwambia mimi atasema ni wivu."

Lori lilipiga honi nyuma ya Musembi. "Kwani si wivu?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza jinsi fundi anavyouliza kama gari lina mafuta.

Mbula alikata simu.

Alimaliza kichwa cha Kathini bila kuona anachokisuka. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kunyamaza mpaka mwisho. Waache wachanganye. Waache wampe Kalekye boma. Msimu utakuja, mahindi yatatoka manjano kama homa, na kila mtu atajua nani alikuwa mjinga. Angesimama mbele ya shamba, mikono kiunoni, asiseme hata neno. Aliiona picha hiyo waziwazi, akaipenda.

Lakini ndani ya picha hiyo kulikuwa na shamba lake pia, na lenyewe lilikuwa manjano. Boma lilikuwa moja. Tabaka la chini kabisa halikuwa limechimbwa kwa misimu mingi, kwa sababu Mwaitu aliuogopea mgongo wake. Ndilo lililokuwa akiba ya nyumba zote mbili, na kesho lingefunuliwa, litiwe majivu na maji, na kufikia jioni nguvu yake ingekuwa inaelekea Tanzania. Mulwa angekula nini? Na Kathini je? Wangekula ushindi wa mama yake?

"Mama," Kathini alisema, akijigusa kichwa, "huu upande umeenda kombo."

Ulikuwa umeenda upande kweli. Mbula akaufumua, akaanza tena.

* * *

Jumamosi jua lilitoka na hasira. Vijana wa kukodiwa walianza kuchimba mapema, na kabla ya saa za chai boma lilikuwa limefunguliwa mpaka chini. Tabaka jeusi lilikuwa limetupwa juu, likitoa mvuke mwembamba. Ng'ombe walisimama nje ya ua wakishangaa nyumba yao. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume, na Musembi alikuwa anashusha magunia, nywele zimekuwa nyeupe kama za mzee.

Mwaitu aliketi kwenye kiti chake cha kamba. Kalekye alisimama kando yake, amevaa leso mpya.

Mbula alikuja na beseni la plastiki. Hakusalimu vizuri, alijua, lakini hakuwa na muda. Aliinama, akachota samadi nyeusi yenye unyevu, akaitia kwenye beseni, akafungua gunia moja na kurusha majivu humo, akakoroga kwa kijiti.

"Mwaitu, nusa."

"Ninuse kwa nini?"

"Nusa tu, mama yangu."

Mwaitu akanusa. Kichwa kilirudi nyuma, macho yakajaa maji, akapiga chafya mbili zilizowashtua ng'ombe.

"Umeona?" Mbula alisema. "Hiyo ndiyo inayotoka. Majivu yanaifukuza. Mkichanganya boma lote, itatoka yote, mbaki na takataka."

Mwaitu alijifuta pua kwa leso. Akafikiri. Kisha uso wake ukang'aa. "Si ndiyo vizuri!" alisema. "Uchafu unatoka! Wacha utoke. Ukiisha, mbolea inabaki safi."

"Ya kwangu ilitoka hivyohivyo," Kalekye alidakia. "Siku mbili nilikuwa nalia kama niko matangani. Sasa hata ukiiweka chini ya kitanda hainuki."

"Si uchafu unaotoka," Mbula alisema. Alisikia sauti yake inapanda na hakuweza kuishusha. "Ni chakula. Ni kama kuchemsha maharagwe ukamwaga supu ukabaki na maganda."

"Mimi humwaga ile ya kwanza," Kalekye alisema. "Inapunguza gesi."

Vijana wa kuchimba wakacheka. Musembi akacheka kidogo, kisha akamwona mkewe, akaacha. Mwaitu alicheka kuliko wote, akampiga Kalekye kofi dogo la pajani, lile kofi la mtu na mtoto wake.

"Mama Kathini," alisema akishusha pumzi, "nitakuambia mbele ya mume wako, ili usiseme nilikusengenya. Wewe ni mchapakazi. Lakini una wivu. Tangu huyu mtoto wa kwetu aingie hapa huna amani. Akipanga marundo, ni mabaya. Akiua harufu, ni vibaya. Angetoa dhahabu hapa ungesema ni shaba. Nitakuaminije?"

Mvuke ulikuwa unaendelea kupanda kutoka kwenye samadi iliyofunuliwa, na Mbula aliuona ukipanda.

"Ni kweli," alisema.

"Nini ni kweli?"

"Nina wivu." Alishangaa jinsi neno lilivyotoka kwa urahisi, kavu, kama jino lililokwisha kulegea. "Nina wivu, Mwaitu. Mnacheka na mimi niko hapo. Unakunywa chai kwake na kwangu umeshiba. Mtoto wangu amebeba jina lako na hujawahi kumbeba yeye. Jana nilimsuka vibaya kwa sababu ya wivu. Lakini amonia haijui kama nina wivu. Inapaa tu. Angalieni, inapaa sasa hivi tukiongea."

Mwaitu akautazama mvuke.

"Mpe boma," Mbula alisema.

"Nani?"

"Kalekye. Mpe sasa hivi. Musembi shahidi, na hawa vijana mashahidi. Yeye ndiye mwenye boma, yeye ndiye atakayegawa, na mimi nitapokea atakachonipa. Sitashindania tena, wala leo wala mwakani. Litangaze."

"Mbula," Musembi alisema, akiweka gunia chini.

"Wewe usiingilie. Mwaitu, litangaze."

Mwanamke mzee alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta mtego. Hakuupata. "Haya," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida. "Boma ni la Kalekye."

"Vizuri. Sasa sina ninachotafuta hapa." Mbula alimgeukia Kalekye. "Mama Mulwa, boma ni lako. Niulize wewe mwenyewe kama majivu ni mazuri."

Kalekye hakuwa anacheka tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa ndama na hajui kama ni wa wizi. "Unaniambia ukweli, ama unanichezea?"

"Ukweli. Kile cha kijivu ulichoniona nikimwaga ni udongo wa silanga. Udongo wa mfinyanzi huishika ile amonia. Majivu huifukuza. Jumanne nilikuona nyuma ya jiko ukimwaga debe, nikajua unaharibu, nikanyamaza. Nikafurahi pia."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Uliniona nikimwaga debe zima, macho yananitoka, na ukasimama hapo ukafurahi?"

"Madebe mawili," Mbula alisema.

"Aiii! Wewe mwanamke ni mbaya!" Kalekye alivua leso mpya na kuitupa kwenye kiti. "Mwaitu, umesikia? Rundo langu zima! Nilikusanya kwa mikono, mpaka mavi ya kuku! Mbaya kabisa!"

"Ndiyo. Nitukane baadaye, nitakaa nisikie yote. Hayo mengine bado hayajaharibika." Mbula alionyesha boma kwa kidevu. "Lakini jua linakula. Sema wewe, mwenye boma."

Kalekye alisimama akihema. Aliyatazama magunia, akaitazama samadi nyeusi inayofuka, akamtazama Mwaitu, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumsaidia. Hasira ilikuwa imemjaa, lakini ilikuwa hasira ya mtu anayeamini alichoambiwa. Mtu hakasirikii uongo namna hiyo.

"Shemeji," alimwambia Musembi, "rudisha magunia kwenye gari."

"Yote?"

"Kwani umeniona nikichagua?"

"Peleka kwenye sukuma wiki, kule chini," Mbula alisema. "Majivu hayana kosa. Yakae tu mbali na samadi."

Hakungoja kusikia jibu. Alikuwa ameshavua viatu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na udongo wa silanga aliouweka akiba kwa rundo lake lijalo, na mabua aliyoyakatakata. Aliujaza udongo kwenye mkokoteni wa mkono, akausukuma mpaka ndani ya boma, akaupindua juu ya samadi iliyofunuliwa, akachukua beleshi na kuanza kusambaza. Mvuke ulikatika pale udongo ulipotua. Akawaita vijana wa kuchimba kwa ukali wa mtu mwenye watoto, nao wakaacha kucheka, wakaanza kushindilia kwa miguu. Akarudi kuchukua mzigo wa pili.

Aliporudi, Kalekye alikuwa amekunja gauni na ameshika beleshi jingine.

"Si hivyo," Mbula alimwambia. "Kwanza shindilia, halafu udongo. Hewa isiingie."

"Usinisemeshe."

"Sikusemeshi. Shindilia."

Kalekye akashindilia, kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu fulani chini ya miguu yake. Walifanya kazi upande kwa upande bila kutazamana, na lile jeusi likaanza kupotea chini ya kijivu, kipande baada ya kipande.

Kutoka kwenye kiti cha kamba, Mwaitu aliita jambo kwa Kikamba cha Kitui, lenye mvuto wake mwishoni. Kalekye, jasho likimtiririka, akajibu bila kuinua kichwa, na mwanamke mzee akacheka.

Mbula hakushika walichosema. Kile kitu kilimchoma tena, palepale, kama kawaida yake. Akajaza beleshi udongo na kuurusha mahali palipokuwa bado panafuka.